Uwanja wa Mhusika: Mandhari Sahili ya Nje Katika Katuni

Mandhari ya nje katika katuni huanza na mstari mmoja wa mlalo. Mhusika aliyechorwa kwenye karatasi tupu huelea tu, hana mbele wala nyuma. Mstari ukipitishwa nyuma yake, papo hapo anapata ardhi ya kukanyaga na anga juu yake, na msomaji anajua kwamba yuko nje. Huo ni mstari wa upeo wa macho, pale ambapo nchi kavu au bahari huonekana kukutana na mbingu. Vinavyofuata, kiwe kilima, mti, wingu au kibanda cha mama ntilie, vina kazi tatu: kuonyesha ni wapi, ni umbali gani na ni saa ngapi. Kisichofanya hata mojawapo ya kazi hizo kinaweza kufutwa, na mara nyingi hakuna atakayekiulizia.

Usahili wa namna hii hautokani na uvivu. Mchoraji anayeujua mti vizuri ndiye anayeweza kuuchora kwa mistari minne. Asiyeujua hujaza majani mia moja kwa kutumaini kwamba mojawapo litafanana na jani.

Upeo wa macho huwa sawa na kimo cha macho ya anayetazama. Akikaa chini, nao hushuka. Akipanda darini, hupanda naye. Hili ni jambo la maumbile, wala si la mtindo, na lina matokeo ambayo wachoraji wengi wanaoanza huyapuuza. Tuseme mtazamaji amesimama kwenye ufuko tambarare, na upeo umepita usawa wa macho ya mtu aliye karibu naye. Basi utapita kwenye macho ya kila mtu mwenye kimo hicho aliyesimama ufukoni hapo, awe hatua tatu mbele au hatua mia tatu. Kadiri watu wanavyokuwa mbali, ni miguu yao inayopanda kuuelekea upeo. Macho yao hubaki palepale. Kwa kanuni hii pekee mchoraji anaweza kuujaza ufuko wa Coco Beach siku ya Idi bila rula wala hesabu. Asipoifuata, watu wa mbali hugeuka majitu au vibwengo, na msomaji huona kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Kimo cha mstari huo hubeba maana pia. Ukiwekwa chini, kwenye theluthi ya mwisho ya fremu, anga hutawala na mhusika huonekana mrefu, mwenye nguvu au mpweke. Ukiwekwa juu, ardhi hufunguka kama mkeka uliotandikwa, na hapo ndipo pa kuchora mbio za kuku na mwenye kuku, au umati wa watu sokoni. Ukipita katikati kabisa huigawa picha nusu kwa nusu, na katuni nyingi hukwepa hilo kwa sababu hutuliza mambo kupita kiasi. Pamoja na hayo, pana mahali pa kuogopwa hasa: shingoni mwa mhusika. Mstari unaopita hapo humkata kichwa.

Kina cha picha hujengwa kwa tabaka. Kwa kawaida tatu hutosha: mbele, kati na nyuma. Mbele panaweza kuwa na kichaka au jiwe kwenye kona, kati ndipo mhusika anapotendea, nyuma kuna milima au safu ya nyumba. Dalili ya umbali yenye nguvu kuliko zote ni kufunikana. Vilima viwili vilivyowekwa ubavu kwa ubavu ni vichuguu viwili. Kimoja kikificha sehemu ya kingine, tayari ni safu ya milima yenye bonde katikati. Baada ya kufunikana huja ukubwa, kisha mahali kitu kinapokaa kwenye fremu: chini ya upeo, kilicho juu zaidi kwenye karatasi ndicho kilicho mbali zaidi. Mawingu hufuata kinyume chake. Yaliyo karibu na upeo ndiyo ya mbali, na huchorwa madogo na bapa. Yaliyo utosini ndiyo makubwa.

Dalili nyingine hutokana na hewa yenyewe. Leonardo da Vinci aliandika katika madaftari yake kwamba kadiri mlima unavyokuwa mbali ndivyo unavyozidi kuonekana wa buluu, kwa kuwa hewa nyingi imesimama kati yake na jicho. Abiria wa basi linalotoka Segera kwenda Moshi hupewa somo hilo bure upande wa kulia: mgongo wa kwanza wa Usambara ni wa kijani, wa nyuma yake una ukungu wa kibuluu, na wa mwisho hautofautiani sana na mbingu. Mchoraji wa katuni huchukua kanuni hiyo na kuipunguza mpaka ibaki rangi tatu za hatua kwa hatua. Katika katuni ya rangi nyeusi na nyeupe, kazi ya hewa hufanywa na unene wa mstari. Vya mbele huchorwa kwa mstari mnene, vya kati kwa mwembamba, na vya nyuma kabisa kwa mstari unaokatika-katika. Undani nao hufifia vivyo hivyo: ukuta wa karibu una matofali machache, wa mbali hauna hata moja.

Miti ndiyo inayoleta taabu kubwa zaidi, na ndiyo yenye faida kubwa zaidi, kwa sababu mti mmoja unaweza kutaja nchi nzima. Mti ni umbo kabla ya kuwa majani. Kipimo chake ni rahisi: umbo lake lote lipakwe wino mweusi, kama kivuli ukutani, kisha aulizwe mtu ni mti gani. Mbuyu hujibu upesi, kwa shina nene kuliko kitu chochote kilicho kando yake na matawi membamba mafupi yanayofanana na mizizi iliyoelekezwa mbinguni. Ukichorwa bila jani hata moja, umeshasema pia kwamba ni kiangazi. Mgunga ni mwavuli: matawi hupanda yakitawanyika kama vidole, halafu juu panakatwa bapa. Mwembe ni kuba zito lenye shina fupi, na lililo muhimu zaidi kwake ni weusi wa kivuli chini yake, kwa kuwa hapo ndipo watu hukaa na ndipo hadithi nyingi huanzia. Mvinje wa pwani ni mwembamba na laini, kama moshi uliosimama.

Mnazi unastahili kutajwa peke yake, maana ndio unaoharibiwa kuliko yote. Umezoeleka kuchorwa kama fimbo yenye nyota ya majani matano kileleni. Mnazi wa kweli una makuti machanga yaliyosimama wima, ya umri wa kati yaliyolala, na makongwe yaliyoinama hadi karibu kugusa shina. Shina lenyewe huvimba kidogo chini, hupinda, na huwa na pete za makovu ya makuti yaliyoanguka. Yote hayo yanaweza kuingia katika mistari kumi: miwili ya shina lililopinda, vipande vitatu vya pete, na makuti matano ambayo hakuna mawili yenye mwelekeo mmoja. Idadi ya mistari haikuongezeka sana kuliko ile ya fimbo na nyota, lakini sasa mti una umri na upepo.

Majani huchorwa pembezoni mwa umbo la mti na mahali pachache ndani yake. Jicho hujaza pengo lililobaki. Nyasi ni hivyohivyo. Vishungi vichache kwenye ukingo wa njia, kimoja chini ya jiwe na kingine kwenye kona ya fremu, hutosha kuigeuza karatasi nyeupe yote iliyosalia kuwa mbuga. Mawingu ya mchana huwa na chini bapa na juu yenye marundo, hivyo wingu lililo duara pande zote hufanana zaidi na pamba. Njia ya miguu huchorwa kwa mikunjo inayozidi kubanana na kulala kadiri inavyokwenda mbali, na nguzo za umeme kando yake huzidi kufupika na kukaribiana.

Majengo hudai nidhamu kidogo zaidi. Kanuni ya mistari inayokutana kwenye nukta moja ilithibitishwa Florence na Filippo Brunelleschi mwanzoni mwa karne ya 15, na vitabu vizima vimeandikwa juu yake, lakini kwa mandhari sahili hutosha kujua sehemu yake moja. Mistari ya mlalo ya nyumba iliyo juu ya usawa wa macho, kama ukingo wa paa, hushuka kuelekea upeo kadiri inavyokwenda mbali; iliyo chini ya macho, kama ya baraza, hupanda. Katuni inaruhusiwa kuupinda ukuta na kuuvimbisha mlango, mradi kila kitu kikubali upeo mmoja. Paa la bati huhitaji mistari michache sambamba, la makuti huhitaji ukingo usio sawa, na duka la mtaani hutambulika kwa dirisha lenye nondo na benchi nje.

Ili kutaja mahali, kitu kimoja kilichochaguliwa vizuri hushinda kumi vilivyorundikwa. Ngalawa iliyoegeshwa mchangani ni pwani. Daladala nyuma ya ukuta ni mji wa Tanzania, na matatu yenye michoro ubavuni ni Kenya. Hata mlima unaojulikana na kila mtu una masharti yake. Kilimanjaro kina kilele cha Kibo upande wa magharibi na Mawenzi upande wa mashariki. Anayetazama kutoka Moshi huona Mawenzi mkono wa kulia, na anayetazama kutoka Amboseli, ng'ambo ya mpaka, huiona mkono wa kushoto. Mchoraji aliyenakili picha ya Amboseli na kumweka mbele yake mkulima wa Moshi amemhamishia mkulima huyo Kenya bila pasipoti. Si ajabu vilevile kukuta katika katuni za nchi za joto nyumba zenye dohani ya kutolea moshi juu ya paa. Dohani hizo hazikuonwa mtaani. Zilitoka kwenye katuni nyingine.

Saa huonyeshwa kwa kivuli. Karibu na ikweta, saa sita mchana jua huwa karibu na utosi karibu mwaka mzima, na kivuli cha mtu hujikusanya miguuni kama sahani. Kwa hiyo yai jeusi chini ya viatu vya mhusika linatosha kusema ni adhuhuri ya Mombasa, na kivuli kirefu kinachovuka barabara ni asubuhi au alasiri. Jua la ukanda huu hupanda na kuzama karibu wima, kwa hiyo utusitusi ni mfupi. Machweo ya rangi tano yanayodumu kurasa tatu ni ya latitudo nyingine. Usiku nao hauchorwi kwa kupaka kila kitu weusi, bali kwa kushusha rangi zote hadi buluu nzito na kuacha mwanga sehemu moja: taa ya chemli, dirisha, au mwezi.

Katika matumizi ya rangi, mandhari hukaa nyuma kwa kupauka. Rangi zilizokoza hutengewa mhusika. Nyasi, anga na kuta hupewa rangi zilizochanganywa na kijivu kidogo. Lililo muhimu kuliko rangi yenyewe ni weusi na weupe wake. Mtu akikunja macho hadi picha iwe ukungu na mhusika akapotea, kosa liko kwenye mwanga, na kubadilisha kijani kuwa manjano hakutaliponya. Mhusika mwenye mavazi meusi husimamishwa mbele ya anga au ukuta mweupe, na mwenye kanzu nyeupe mbele ya kivuli cha mwembe.

Uhusiano huu wa mhusika na mandhari umepata sura yake ya leo kutokana na ufundi wa uhuishaji. Winsor McCay alipotengeneza *Gertie the Dinosaur* mwaka 1914, kila mwendo ulikuwa karatasi yake, na mandhari ilibidi irudiwe kwenye karatasi hizo zote, maelfu kwa maelfu. Kazi ya kunakili miamba, mti na ziwa ilimwangukia msaidizi wake kijana, John Fitzsimmons. Mandhari ilikuwa mistari mitupu, na haishangazi: nani angetaka kunakili majani mara elfu? Mwaka huohuo Earl Hurd aliomba hataza ya njia ya kumchora mhusika kwenye karatasi angavu ya seluloidi na kuiweka juu ya mandhari iliyochorwa mara moja tu. Mandhari ikawa huru kupakwa rangi kwa utulivu, na mhusika akabaki na mistari na rangi bapa. Katuni za zamani zina ushahidi wa kuchekesha wa utengano huo. Jiwe linalokaribia kuporomoka huonekana limepakwa tofauti na mawe wenzake, kwa sababu limo kwenye seluloidi na wenzake wamo kwenye mandhari. Mtoto mwenye jicho kali hujua litaanguka kabla halijatikisika.

Uhuru huo ulizaa mashindano ya utajiri. Mwaka 1937 studio ya Walt Disney ilionyesha *The Old Mill*, ambamo mandhari iligawanywa katika vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine chini ya kamera, kila tabaka likisogezwa kwa mwendo wake. Vya karibu vilipita upesi na vya mbali vilijikokota, kama vinavyoonekana dirishani mwa treni. Lakini jibu bora la swali la jinsi ya kuchora msitu lilikuja kwa kupunguza. Kwa ajili ya *Bambi*, filamu ya mwaka 1942, msanii mzaliwa wa China Tyrus Wong, aliyezipenda picha za mandhari za enzi ya Song, alichora msitu ambamo ni mahali alipo mnyama tu palipowekwa wazi, na kwingine kote pakaachwa ukungu na doa la rangi. Ingawa filamu hiyo haihesabiwi kuwa katuni sahili, wazo lake la msitu ni sahili kuliko la katuni nyingi za bei rahisi.

Studio ya UPA ilikwenda mbali zaidi katika *Gerald McBoing-Boing* mwaka 1950. Rangi moja tambarare huchukua nafasi ya ukuta, ardhi na anga, na vitu vichache vya mistari huelekeza jicho. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar. Maurice Noble, aliyesanifu mandhari za filamu za Chuck Jones, alilipunguza jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani likawa maumbo machache ya rangi, genge, nguzo ya mwamba na barabara, kwa sababu mbweha wa filamu hizo, anayeanguka kila mara, anahitaji nafasi tupu ya kuangukia. Katika magazeti, George Herriman alikuwa ameshavunja sheria zote kati ya 1913 na 1944: katika *Krazy Kat* miamba na miti ya Arizona hubadilika kutoka fremu moja hadi nyingine huku wahusika wakiendelea na mazungumzo bila kushtuka. Mfano wake haufai kuigwa na anayeanza, ila unaonyesha kwamba wasomaji huishikilia sura ya mhusika kuliko mahali alipo.

Afrika Mashariki ina asili yake ya usahili, na haikutoka studio. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuuza picha zake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alipaka rangi za mafuta za kung'aa kwenye vipande vya ubao bapa. Katika picha zake nyingi nyuma ya mnyama kuna rangi moja tu, pengine na mti au ndege wa kujaza kona. Mnyama hana upeo wa macho nyuma yake, wala hakosi mahali. Mtindo huo ulifika kwenye skrini mwaka 2010 kupitia *Tinga Tinga Tales*, mfululizo wa watoto uliotengenezwa Nairobi, ambamo miti na nyasi ni mapambo yenye nukta na mistari, wala hazijaribu kuiga mbuga. Kasoro moja ya njia hii ni kwamba mapambo hushindana na wanyama, nao pia wana nukta na mistari. Wanyama husomeka kwa sababu maumbo yao ni makubwa na yamefungwa kwa ukingo ulio wazi.

Katuni ya gazeti ina mashaka yake. Karatasi ya gazeti hunywa wino, mistari hunenepa, na fremu iliyochorwa kwa upana wa kiganja huchapwa kwa upana wa vidole vitatu. Kivuli cha mistari mingi myembamba, kilichopendeza mezani, huwa doa kiwandani. Pana pia suala la kiputo cha maneno. Maneno ya Kiswahili ni marefu, neno moja laweza kubeba sentensi, na kiputo chake hakikunjiki kirahisi. Kwa hiyo maneno hupangwa kwanza, mhusika pili, na mandhari hupewa kilichobaki. Anga pana isiyo na wingu huenda haikukusudiwa kuwa nzuri. Imeachwa ili mjomba apate pa kusemea.

Makosa mengi ya mwisho ni ya kugusana. Mti uliosimama nyuma ya utosi wa mhusika huota kichwani mwake. Ukingo wa kilima unaogusa bega bila kupita nyuma yake hufuta umbali wote uliojengwa kwa tabaka. Ama bega likifunike kilima, ama viachane kabisa. Kosa jingine ni ulinganifu: miti mitano yenye kimo kimoja, iliyopangwa kwa nafasi sawa kama mashimo ya bao. Mitatu iliyobanana, mmoja pembeni na mmoja nusu nje ya fremu huonekana imeota yenyewe.

Kwa katuni inayosogea hubaki kazi moja ambayo ya gazeti haina. Mhusika anayekimbia hukimbia mahali pamoja, na mandhari ndiyo inayovutwa nyuma yake. Ili kutochora kilomita nzima, huchorwa utepe mmoja mrefu unaorudiwa tena na tena, mbinu iliyojulikana sana kwa *The Flintstones* tangu 1960, ambamo mtu anayekimbia sebuleni hupita dirisha lilelile mara nyingi. Nje, utepe hauna budi kuwa mnyenyekevu: vilima vya chini, vichaka vinavyofanana, pasiwe na mbuyu wa pekee wala nyumba yenye mlango mwekundu, kwa kuwa chochote cha kukumbukwa kikirudi mara ya tatu kitaanza kuchekesha mahali pasipotakiwa. Programu za kompyuta huurudia utepe zenyewe, lakini haziuchori. Kimo cha ardhi, rangi ya anga na mteremko wa kilima kwenye ukingo wa kulia lazima vikutane sawasawa na vile vya ukingo wa kushoto, na njia ya kuhakikisha ni ya zamani: utepe hukatwa katikati, nusu zake hubadilishwa upande, na mahali kingo zilipokutana huchorwa upya mpaka mshono usionekane.